Wiki 349 na Siku Moja: Utangulizi wa Kuyasoma Maisha ya Kazi ya Mchezaji wa Mpira wa Vinyoya

Lee Chong Wei wa Malaysia alikaa kileleni mwa orodha ya ubora ya dunia kwa jumla ya wiki 349. Kati ya hizo, 199 zilifuatana bila kukatika, kuanzia Agosti 2008 hadi Juni 2012. Alitwaa ubingwa wa mashindano ya wazi ya Malaysia mara 12, na ule mkongwe wa All England mara 4. Katika Olimpiki alifika fainali tatu mfululizo, Beijing 2008, London 2012 na Rio de Janeiro 2016, na zote tatu akatoka na medali ya fedha. Ubingwa wa dunia nao hakuupata kamwe. Alipotundika raketi Juni 2019, akiwa na miaka 36, hakuwa na hata moja kati ya mataji mawili ambayo watu wengi huyatumia kuamua nani bingwa na nani si bingwa.

Inakuwaje mtu awe bora kuliko wote kwa muda unaokaribia miaka saba ukizijumlisha wiki zake, kisha ile siku moja ikifika asiwe? Ndilo swali ninalokukaribisha nalo katika somo hili, na sidhani kama kuna lango zuri kuliko hilo. Ukilijibu kwa haraka utasema alikosa moyo, na wengi walisema hivyo. Ukilijibu kwa utulivu utalazimika kujifunza jinsi kinyoya kinavyoruka hewani, jinsi goti linavyochakaa, jinsi orodha ya ubora inavyopangwa, jinsi fedha zinavyogawanywa, na jinsi vyama vya michezo vinavyowashika wachezaji wao. Mimi ni wa kundi la pili. Nashikilia kwamba pengo kati ya wiki na siku halikai moyoni mwa mchezaji peke yake. Sehemu kubwa yake iko nyuma yake, kwa watu na taratibu zisizoonekana kwenye televisheni.

Kwanza tuingie kiwanjani. Msomaji aliyelelewa na soka atauona upweke kabla ya kitu kingine chochote. Mchezaji wa mmoja mmoja hana wa kumbadilisha, hana beki wa kumlaumu, wala dakika tisini za kusubiri ziishe: mechi haina saa. Inaweza kumalizika kwa nusu saa au ikaenda kama fainali ya ubingwa wa dunia ya wanawake ya mwaka 2017 mjini Glasgow, ambapo Nozomi Okuhara wa Japani na P. V. Sindhu wa India walipigana dakika 110. Kocha hukaa nyuma ya kiwanja. Mapumziko ni sekunde 60 mmoja anapofikisha pointi 11, na sekunde 120 baina ya seti na seti. Mambo yote ambayo kocha wa soka huyasema kwa robo saa chumbani, hapa lazima yaenee ndani ya muda wa kunywa maji na kujifuta jasho.

Kiwanja chenyewe kina urefu wa mita 13.40. Wanaocheza wawili wawili hupewa upana wa mita 6.10, lakini wa mmoja mmoja hukatiwa ubaki mita 5.18. Kwa hiyo ni kiwanja kirefu na chembamba, na umbo hilo ndilo limeamua tabia ya mchezo: kumvuta mpinzani mbele hadi kwenye wavu, kumrudisha nyuma hadi mstari wa mwisho, kisha mbele tena, mpaka mguu wake uchelewe kidogo. Mtazamaji mgeni hushangilia smashi, lile pigo kali la kutoka juu kwenda chini. Aliyezoea hutazama miguu ya anayepokea, maana pointi nyingi huwa zimeshapotea mapigo mawili au matatu kabla ya smashi hiyo kupigwa.

Halafu kuna kinyoya. Kina manyoya 16, ya bata bukini au ya bata wa kawaida, yaliyopandwa kwenye kizibo, na uzito wake wote ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Hakuna chombo cha michezo kinachokabwa na hewa kama hiki. Smashi ya mchezaji mkubwa hutoka kwenye raketi kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa, lakini hadi imfikie mpinzani imeshapoteza sehemu kubwa ya kasi hiyo. Hapo ndipo akili ya mchezo huu ilipo: kwa mkono uleule na kwa ishara ileile ya bega, unaweza kukituma kinyoya kwa kishindo au kukiangusha kikafia nyuma ya wavu. Na kwa kuwa manyoya hupandwa yakiwa yamelaliana upande mmoja, kinyoya huzunguka kwa mwelekeo uleule daima. Hivyo pigo la kukata la mwenye shoto haliruki sawa na la mwenye mkono wa kulia. Lin Dan wa China, Kento Momota wa Japani na Carolina Marín wa Hispania wote ni wa shoto. Sisemi shoto ndiyo iliyowapa mataji; nasema mtafiti asiipite kimya.

Hewa nayo si ileile kila mahali. Palipo juu, hewa ni nyepesi na kinyoya hukimbia. Palipo na joto, vilevile. Ndiyo sababu vinyoya hupangwa viwandani kwa namba za kasi, na kabla ya mashindano hujaribiwa: mtu husimama mstari wa nyuma, hukipiga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, na kinyoya kinachofaa ni kile kinachoanguka kati ya milimita 530 na 990 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Msomaji wa Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, anaweza kulithibitisha jambo hili mwenyewe kwa kununua vinyoya vinavyouzwa kwa ajili ya nchi baridi za tambarare. Vitampita mstari kila mara. Mchezaji anayezunguka dunia hukutana na hewa mpya karibu kila wiki, na kazi yake ya siku ya kwanza ukumbini ni kuujua upepo wa viyoyozi kabla ya kumfikiria mpinzani.

Nimekawia kwenye jambo la vifaa kwa makusudi, kwa sababu wanaoandika wasifu wa wachezaji huliruka haraka wakaenda kwenye machozi. Sasa tuje kwenye hesabu ya pointi, ambayo wengi huiona kuwa jambo dogo la kikanuni, kumbe ndiyo iliyogawa historia ya mchezo huu pande mbili.

Hadi miaka ya mwanzo ya karne hii, aliyeanzisha kinyoya ndiye pekee aliyeweza kupata pointi. Wanaume walicheza hadi 15, na wanawake wa mmoja mmoja hadi 11. Ukikosea wakati mpinzani hakuanzisha yeye, unapoteza zamu tu. Mwaka 2006 ukaja utaratibu wa sasa: kila pigo lililokufa ni pointi ya mtu, na seti huisha kwa 21. Mwezi Juni mwaka huohuo, mjini Kuching, Lee alikutana na Lin Dan katika fainali ya mashindano ya Malaysia. Seti ya tatu ilifika 20 kwa 13, Lin akiongoza. Alibakiza pointi moja, na alikuwa na nafasi saba za kuipata. Lee alizifuta zote saba akashinda 23 kwa 21. Itazame mechi hiyo kama ushahidi, si kama burudani tu. Inaonyesha kwamba chini ya kanuni mpya hakuna tena mahali pa kujificha: uongozi wa pointi saba unaweza kuyeyuka kwa makosa saba mafupi, na mchezaji bora anaweza kuanguka siku moja kwa mambo ambayo kwa wiki hamsini hayampati.

Kumbuka pia kwamba wachezaji wa kizazi hicho, kina Lee, Lin, Taufik Hidayat wa Indonesia na Peter Gade wa Denmark, walijifunza mchezo chini ya kanuni moja na kuzeekea chini ya nyingine. Anayelinganisha namba zao na za Rudy Hartono wa Indonesia, aliyetwaa All England mara nane kati ya 1968 na 1976, analinganisha kazi mbili tofauti zenye jina moja.

Orodha ya ubora ndiyo moyo wa somo hili. Hutazama nyuma wiki 52 na kuhesabu mashindano 10 ambayo mchezaji alifanya vizuri zaidi. Kila wiki pointi za mwaka uliopita hudondoka na mpya huingia. Mashindano yamepangwa kwa madaraja. Tangu 2018 madaraja makuu huitwa Super 1000, 750, 500 na 300, na chini yake iko Super 100 na mashindano madogo ya kimataifa. Walio 15 bora hawana hiari ya kupumzika watakavyo: hulazimika kucheza mashindano makubwa yaliyopangwa, na asiyefika bila sababu hutozwa faini.

Sasa tazama jinsi aliyeshindwa katika fainali anavyohesabiwa. Katika daraja la Super 1000, bingwa hupata pointi 12,000 na mshindi wa pili 10,200. Yaani kushindwa fainali ni asilimia 85 ya kushinda. Lakini ukienda kwenye fedha, mambo hubadilika. Mashindano ya Malaysia ya mwaka 2023 yalikuwa na zawadi ya jumla ya dola 1,250,000. Bingwa wa mmoja mmoja alichukua dola 87,500, na mshindi wa pili chini ya nusu ya hizo. Na ukienda kwenye kumbukumbu za watu, mshindi wa pili hana karibu chochote. Mechi moja, siku moja, vipimo vitatu visivyokubaliana. Orodha humpenda mtu anayefika nusu fainali na fainali kila wiki, awe na homa au asiwe nayo. Olimpiki humpenda mtu aliye mzima kabisa jioni moja ya Agosti. Hakuna sababu ya kutarajia kwamba watu hao wawili watakuwa mtu mmoja.

Rudi sasa kwa Lee na Lin. Walikutana mara 40 na Lin alishinda 28. Beijing, Lin alimfunga Lee 21-12, 21-8, na hapo hapana la kubishania. London ni hadithi nyingine. Katika ubingwa wa dunia wa 2011, Wembley, Lee alikuwa pointi moja kutoka taji akapoteza seti ya tatu 23-21. Mwaka uliofuata, ukumbi uleule, fainali ya Olimpiki, akapoteza seti ya tatu 21-19. Mwaka 2013, mjini Guangzhou, misuli ilimkaza akashindwa kuendelea matokeo yakiwa 20-17 katika seti ya tatu. Anayesema alikosa moyo aeleze moyo huo uliotosha kufikisha seti ya tatu mwaka baada ya mwaka ulipungukiwa nini.

Maelezo yangu ni haya. China ya wakati ule ilikuwa na Lin, na nyuma yake Chen Long, Chen Jin na Bao Chunlai. Ilipobidi kubeba wiki, walikuwapo wengi wa kuzibeba. Lin aliweza kukosa mashindano, akashuka kwenye orodha, akarudi mzima kwa siku kubwa. Guangzhou yenyewe aliingia kwa nafasi ya kualikwa, kwa sababu mwaka mzima baada ya London alikuwa amecheza kidogo sana. Malaysia ilikuwa na mtu mmoja. Kila wiki Lee asipocheza, bendera ya nchi yake ilitoweka kwenye siku za mwisho za mashindano ya mmoja mmoja ya wanaume. Miezi michache kabla ya London 2012 aliumia kifundo cha mguu katika mechi ya Thomas Cup, kombe la timu za taifa za wanaume, dhidi ya Peter Gade, akiichezea timu ya taifa, si jina lake. Hapo wiki zilimlia siku.

Huu ni uamuzi wangu, na utakutana na wenzangu wanaoukataa. Watakukumbusha kwamba Rio 2016, Lee alimwondoa Lin huyohuyo nusu fainali kwa 15-21, 21-11, 22-20, mojawapo ya mechi bora zilizowahi kuchezwa, halafu kesho yake akapoteza kwa Chen Long 21-18, 21-18. Watasema: alikuwa mzima, Lin hayupo, kilichobaki ni nini? Nami huwajibu kwamba kilichobaki ni Chen Long, mdogo wake kwa zaidi ya miaka sita, na mwili wa miaka 33 ulioamka asubuhi baada ya seti tatu kama zile. Mjadala haujafungwa. Karibu uufungue zaidi.

Ili kuelewa watu hawa wametoka wapi, acha kwanza majina, tazama majengo. Mjini Kudus, Indonesia, klabu ya Djarum ilizaliwa ndani ya kiwanda cha sigara, wafanyakazi wakichezea palepale penye kazi, na bado inalea wachezaji. China, Lin Dan alikulia katika timu ya jeshi. India, Pullela Gopichand, bingwa wa All England wa 2001, alijenga chuo mjini Hyderabad ambako Saina Nehwal na Sindhu walinolewa. Denmark, nchi yenye watu wachache, huishi kwa vilabu vya mitaani vinavyoendeshwa kwa kujitolea. Na Malaysia ina nasaba: Malaya ilitwaa Thomas Cup ya kwanza kabisa mwaka 1949, Wong Peng Soon alikuwa bingwa wa All England mara nne, kisha wakaja ndugu wa familia ya Sidek. Mmoja wao, Misbun, aliyefika fainali ya All England 1986, ndiye aliyemwingiza Lee katika kikosi cha taifa akiwa na miaka 17. Lee alikuwa mtoto wa Bukit Mertajam, Penang, aliyependa mpira wa kikapu hadi mama yake alipomkataza kwa sababu ya jua kali. Baba yake alikuwa akimchukua ukumbini, na kocha mmoja wa hapo, Teh Peng Huat, ndiye aliyekiona kipaji. Watu watatu wakitimiza kila mmoja sehemu yake, na nyuma yao nusu karne ya utamaduni wa mchezo.

Chama kinacholea hushika pia. Mchezaji anapokuwa mkubwa, huanza kuhesabu nani anafaidi: chama huchagua makocha, hutia saini na wadhamini, huamua viatu gani vivaliwe. Januari 2022, Lee Zii Jia, bingwa wa All England wa mwaka uliotangulia, alijitoa katika chama cha Malaysia ili ajitegemee. Chama kikamfungia miaka miwili asisajiliwe kwenye mashindano ya kimataifa, kisha kikaibatilisha adhabu hiyo baada ya siku chache kwa kelele za umma. Akaendelea kama mchezaji huru, na Paris 2024 akaleta medali ya shaba. Huko Paris pia, An Se-young wa Korea Kusini alishinda dhahabu ya wanawake, na badala ya kushukuru tu kama ilivyotarajiwa, akakilaumu chama chake hadharani kwa jinsi kilivyolishughulikia jeraha lake. Alikuwa na miaka 22. Serikali ya Korea ikaingilia na kukichunguza chama hicho. Kwa wanaosoma sheria au kazi na ajira, hapa pana shamba ambalo halijalimwa: mchezaji wa mmoja mmoja ni mwajiriwa wa nani?

Viktor Axelsen wa Denmark alilijibu swali hilo kwa miguu. Mwaka 2021, mwaka uleule aliotwaa dhahabu ya Tokyo, aliacha kituo cha taifa cha Brøndby akahamia Dubai na familia yake. Sababu alizotoa zilikuwa za kawaida kabisa: safari fupi kwenda Asia, muda nyumbani, na uhuru wa kupanga mazoezi yake. Alikuwa amejifunza Kichina pia, na anakizungumza na mashabiki na waandishi wa China bila mkalimani. Paris 2024 akatwaa dhahabu ya pili. Wasomaji wetu walioko Ghuba huenda walipita karibu na ukumbi alikofanyia mazoezi bila kujua. Siamini kwamba kila mchezaji angefanikiwa kwa njia hiyo. Inahitaji jina kubwa na mkoba uliojaa kabla ya kuondoka. Ila inathibitisha kwamba anayeweza kuzitawala wiki zake mwenyewe hufika kwenye siku yake akiwa na nguvu.

Mwili. Sura hii huumiza kuisoma. Hatua ndefu ya kwenda kwenye wavu, ile inayomalizia kwa goti kukunjwa na uzito wote kuangukia mguu mmoja, hurudiwa mara nyingi mno katika mechi moja, na mguu ni uleule, wa upande wa raketi. Carolina Marín, bingwa wa Olimpiki wa 2016 na bingwa wa dunia mara tatu, alichanika kano ya goti moja Januari 2019, la pili mwaka 2021, na Paris 2024, akiongoza nusu fainali kwa 21-14 na 10-6, goti likakatika tena. He Bingjiao wa China aliyefaidika na ajali hiyo alipanda jukwaa la medali akiwa ameshika beji ndogo ya Hispania.

Wakati mwingine hata mwili hauna kosa. Kento Momota alimaliza mwaka 2019 akiwa na mataji 11, msimu ambao hadi leo huwa kipimo. Januari 2020, saa chache baada ya kushinda mashindano Kuala Lumpur, gari lililokuwa likimpeleka uwanja wa ndege lilipata ajali. Dereva alifariki, na Momota akavunjika mfupa wa tundu la jicho. Alirudi kucheza, lakini Olimpiki ya nyumbani kwao, Tokyo, iliishia kwake hatua ya makundi. Ya 2016 alikuwa ameikosa kwa kufungiwa baada ya kucheza kamari katika kasino haramu. Mtu aliyezitawala wiki za msimu mzima, na siku zote mbili zikampita.

Lee Chong Wei naye alifungiwa. Mwaka 2014 alipimwa wakati wa ubingwa wa dunia wa Copenhagen akakutwa na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe isiyoruhusiwa wakati wa mashindano. Jopo lilikubali kwamba hakukusudia kudanganya na kwamba chanzo kilikuwa ganda la vidonge vya lishe alivyokuwa akitumia, likampa adhabu ya miezi 8 na kumnyang'anya medali ya fedha. Ukikumbuka kuwa orodha hutazama wiki 52 tu, miezi 8 ni kufutiwa karibu theluthi mbili ya mali yote. Alirejea Mei 2015 na Agosti akawa tena fainali ya dunia. Mwaka 2018 aligundulika kuwa na saratani ya pua, akatibiwa Taiwan, akapona, akajaribu kurudi, na madaktari wakamshauri aache. Hakufika Tokyo, ambako alitaka kujaribu mara ya mwisho.

Pamoja na hayo yote, nisingependa uondoke ukidhani maisha ya kazi hii ni ya watu kumi wa juu. Chini yao wapo mamia wanaolipa nauli zao wenyewe, wanaolala wanne chumba kimoja, wanaocheza raundi ya kwanza ugenini na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Afrika Mashariki imo katika ngazi hii. Yapo mashindano ya kimataifa ya Kenya na ya Uganda, ambayo kwa mchezaji wa kwetu ni nafasi ya kukusanya pointi bila tiketi ya ndege ya kwenda Asia, na kwa mchezaji wa Ulaya au India wa daraja la kati ni nafasi ya kuja kuzichukua hizohizo. Kanuni za Olimpiki hulihakikishia kila bara nafasi katika mchezo wa mmoja mmoja. Edwin Ekiring wa Uganda alicheza Beijing 2008 na London 2012, michezo ileile miwili ambayo Lee na Lin walikutana fainali. Maktaba nzima imeandikwa juu ya wale wawili. Juu ya Ekiring na wenzake utapata matokeo ya mechi na vipande vya magazeti. Kwa upimaji wa wiki, safari ya kutoka ukumbi wa Kampala hadi Olimpiki mbili ina mengi zaidi ya kutufundisha kuhusu fedha, viza, vinyoya vya kununua kwa shida na mazoezi baada ya saa za kazi, kuliko wasifu mwingine wa bingwa wa China.

Kwa anayeanza, nashauri utaratibu huu. Tazama Kuching 2006 kwanza, kisha London 2012, kisha nusu fainali ya Rio 2016, na kila mara fuata miguu ya anayepokea. Baada ya hapo chagua mchezaji asiyejulikana, aliye karibu na nafasi ya 100 kwenye orodha, umfuate mwaka mmoja: alicheza wapi, alitolewa raundi ipi, alipata pointi ngapi, nani alimlipia. Na ukiwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, wapo wazee na vijana waliovaa jezi za taifa katika mchezo huu ambao hawajawahi kuulizwa. Nenda na daftari, waulize tarehe na matokeo, uyaandike wangali hai.